Sura ya Sita: Dada kwa Herufi Kubwa

Cherehani ilinyamaza kabla Mpelelezi hajabisha hodi. Fundi alikuwa amesikia viatu kwenye ngazi, akanyanyua mguu kutoka kwenye pedali, sindano ikabaki imezama katika kola ya shati la mtu. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Kila hatua kwenye ngazi, kila mlio wa simu, mguu unanyanyuka.

"Amejibu, Afande," alisema hata kabla ya salamu. "Amejibu tena."

Mpelelezi alikuwa mwanamke aliyeacha polisi zamani na kufungua ofisi yake mwenyewe, lakini wateja waliendelea kumwita Afande, naye alishachoka kuwasahihisha. Alivuta stuli, akaketi katikati ya marundo ya vitambaa.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Soma."

Ujumbe ulikuwa mfupi: *njoo. njoo. Dada njoo.*

"Njoo wapi?" Mpelelezi aliuliza.

"Hajasema."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza mpaka vidole vimeniuma. Uko wapi, mdogo wangu? Uko mji gani? Hajibu. Anasema njoo tu." Fundi alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, kisha akakitazama kama anayeshangaa kimefikaje mkononi mwake. "Mimi niko tayari kuja. Hata miguu peku."

Fundi alikuwa mwanamke anayeukaribia uzee, mwenye miwani minene na vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Alipokuwa msichana wa shule, baba yake aligombana na mama yake, akamchukua binti mdogo na kutokomea naye. Fundi alirudi mchana akakuta kitanda kitupu. Baba alibadilisha hata majina, kwa hiyo kumtafuta mtoto yule kwa jina lake halisi ilikuwa kazi bure. Lilibaki jina la nyumbani tu, Kidoti, kwa sababu ya baka dogo jeusi chini ya jicho lake. Tangu siku hiyo, kila mteja wa rika la mdogo wake alipokuja kupimwa, Fundi alimtazama usoni kwanza, kiunoni baadaye.

Mpelelezi ndiye aliyemshauri aweke tangazo kwenye tovuti ya watu wanaotafutana. Na ndiye aliyemwambia atie uongo mmoja ndani yake, uongo mdogo ambao Kidoti wa kweli peke yake angeweza kuusahihisha. Fundi alikuwa amechapa tangazo lile mwenyewe kwenye duka la intaneti la mtaani, kwa kibodi ambayo kitufe chake cha herufi kubwa kilikuwa kinanata:

*Namtafuta mdogo wangu Kidoti. Baba alimchukua wakaondoka nikiwa shuleni. Tulilala kitanda kimoja, mimi uPAnde wa ukuta, yeye upande wa nje. Alikuwa anaogopa giZA. Kama uko hai njoo nyumbani. Dada yako.*

Uongo ulikuwa wa kitanda. Kweli ni kwamba Kidoti ndiye aliyelala ukutani, kwa sababu ya giza, na dada yake akalala nje kumkinga.

Zilikuja jumbe nne. Wa kwanza ulisema *Kidoti hai*. Wa pili: *mimi uPAnde wa ukuta. Dada upande wa nje.* Wa tatu ulikuwa vurugu tupu: *nyumbani kikombe kijiko kisu Sema polepole. Pumzika. Rudia. giZA*. Na sasa huu wa nne.

"Amejibu swali la kitanda," Fundi alisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza. "Amesema yeye ukutani. Sawasawa kabisa! Na tazama mwandiko, Afande. Hizo P na A kubwa katikati ya neno, nani mwingine anaandika hivyo kama si damu yangu?"

Mpelelezi alifungua mkoba, akatoa kompyuta yake ndogo, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo.

"Sogea, mama, nikuonyeshe kitu. Kisha unikasirikie ukitaka."

Alifungua tovuti kwa kivinjari cha kwanza, kile chenye alama ya duara la rangi. Tangazo likatokea lote kwa herufi kubwa, kuanzia NAMTAFUTA mpaka DADA YAKO.

"Mbona mimi sikuandika hivyo?" Fundi alishangaa.

"Tovuti hii ndivyo inavyopamba matangazo. Inayavalisha herufi kubwa ili yaonekane. Maneno yako yapo chini ya hiyo nguo. Sasa angalia." Alinakili sentensi ya kitanda, akafungua ukurasa mtupu, akabandika. Zikatoka herufi kubwa, MIMI UPANDE WA UKUTA, kama zilivyoonekana kwenye skrini.

Akafunga. Akafungua tovuti ileile kwa kivinjari cha pili, kile chenye alama ya mbweha. Tangazo lilikuwa lilelile, kwa herufi kubwa vilevile. Alinakili sentensi ileile, akabandika.

*mimi uPAnde wa ukuta.*

Fundi aliishika meza.

"Kivinjari cha kwanza kinanakili kile ambacho jicho linaona," Mpelelezi alisema taratibu. "Hiki cha pili kinanakili kile ambacho mkono uliandika. Aliyekujibu hakuandika neno hata moja. Amechota maneno yako mwenyewe kwenye tangazo, kwa kivinjari kama hiki, akakurudishia pamoja na makosa yako. Huo si mwandiko wa damu yako, mama. Ni mwandiko wako."

"Lakini amejibu sawa."

"Amerudisha. Hata kasuku angejibu sawa. Umesema 'mimi upande wa ukuta', naye kasema 'mimi upande wa ukuta'. Hajakwambia jambo ambalo wewe hukumwambia. Hasemi yuko wapi. Sasa anakuita njoo, njoo. Kinachofuata ni nauli, au hospitali, au mzigo uliokwama mahali. Nimewaona watu wa aina hii."

Fundi alirudi kwenye kiti chake, akaweka mguu kwenye pedali, lakini hakukanyaga.

"Ni nani anayejua kwamba unamtafuta?" Mpelelezi aliuliza.

"Wewe. Na jirani wa intaneti. Alinisaidia kufungua tovuti."

"Mtu wa namna gani?"

"Mcheshi," Fundi alisema, kama vile hilo lilikuwa kosa.

*

Duka la intaneti lilikuwa chini ya ngazi zilezile, kompyuta nyeusi zimepangwa ukutani, feni inazunguka bila kumpoza mtu. Mwenye duka alikuwa kipande cha mtu, tumbo mbele, miwani juu ya kipara. Wakati Mpelelezi anaingia, mashine ya kuchapa ilikuwa inatema karatasi zenye picha: kikombe, kijiko, sahani, nyanya.

Mpelelezi aliokota moja. "Za nani hizi?"

"Za chekechea ya nyuma hapo. Kila wiki nawachapia. Nikizeeka nitakuwa nimehitimu chekechea."

"Kikombe, kijiko na kisu."

"Kisu hakipo. Nani atampa mtoto kisu? Wewe ndiye Afande wa Mama Fundi? Nimekusikia. Karibu, kaa, usikanyage waya."

"Ulisoma tangazo lake?"

"Nililisoma nikalia. Usimwambie mtu, nina heshima yangu hapa mtaani."

"Ulilijibu?"

Mwenye duka alishusha miwani kutoka kiparani mpaka puani. Ucheshi ulimtoka usoni kama maji.

"Unamaanisha nijifanye mdogo wake?"

"Nauliza tu."

"Mimi huyu mama ananishonea suruali tangu nina kiuno. Kagua mashine zote. Kagua na simu yangu. Ukimaliza, kama hujaona kitu, utaniomba radhi."

Alikagua. Alikaa kwenye kila kompyuta, akafungua tangazo, akanakili, akabandika. Kila mahali zilitoka herufi kubwa tupu. Kivinjari cha mbweha hakikuwepo popote, na simu ya mwenye duka ilikuwa ya zamani, haifungui hata tovuti yenyewe. Mpelelezi aliomba radhi kama alivyoagizwa, akamwonyesha ujumbe wa tatu.

"Wewe unayejua mambo haya. Hii takataka katikati imetoka wapi? Kwenye tangazo haimo."

Mwenye duka alisoma akikuna kidevu. "Hii? Hii ni ya kunakili kulikokataa. Wateja wangu wanafanya hivi kila siku. Mtu ananakili kitu cha kwanza. Halafu anataka kunakili cha pili, anadhani amekibonyeza, kumbe hakijashika. Akibandika, kinatoka kile cha kwanza, maana mashine inakumbuka kitu kimoja tu, cha mwisho kilichoingia. Juzi mtu kabandika mapishi kwenye barua ya kuomba kazi."

"Kwa hiyo kabla ya kuandika ujumbe, alikuwa ananakili hayo maneno."

"Alikuwa nayo mbele yake. Kama somo."

"La chekechea?"

Alisoma tena, sasa kwa sauti. "Sema polepole. Pumzika. Rudia." Akatikisa kichwa. "Hapana, Afande. Mtoto wa chekechea haambiwi apumzike. Mtoto unamkimbiza mpaka mwalimu ndiye apumzike. Anayeambiwa apumzike baada ya kutaja kijiko ni mtu mzima. Mtu mzima mgonjwa."

Mpelelezi alibaki amesimama na simu mkononi. Alirudi kwenye ujumbe wa pili, ule aliouita wa kasuku.

*mimi uPAnde wa ukuta. Dada upande wa nje.*

Kwenye tangazo hakukuwa na "dada upande wa nje." Tangazo lilisema "yeye upande wa nje." Kasuku angesema "yeye." Tapeli angeandika "wewe." Huyu aliliacha "yeye" pale lilipokuwa, akashuka mpaka mwisho kabisa wa tangazo, penye "Dada yako," akachukua neno moja na D yake kubwa, akalipandisha juu, akaliweka mahali pake. Jambo dogo hilo liligeuza sentensi nzima. Tangazo lilimweka dada ukutani, na jibu lilikuwa limemtoa.

Hakuwa anarudisha maneno. Alikuwa anasahihisha, kwa maneno pekee aliyokuwa nayo.

"Vipi?" mwenye duka aliuliza. "Umepauka."

"Nimemwambia mama wa watu mdogo wake ni tapeli," Mpelelezi alisema, akatoka.

*

Mahali pa kuwafundisha watu wazima kusema upya hapakuwa pengi. Mpelelezi alipiga simu akiuliza swali moja: mna zoezi la kikombe, kijiko na kisu? Wengine walimcheka, wengine wakamkatia. Mwishowe msichana wa mapokezi wa kituo kimoja, katika mji wa pili, alijibu bila kufikiri, "Ndiyo, lipo kwenye kompyuta ya wagonjwa. Mnataka miadi?"

Kituo kilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye vyuma vya kushikilia ukutani pande zote. Mtaalamu wa matamshi, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu pale alimwita Mwalimu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafumbata mikono.

"Wagonjwa wangu siwazungumzii, dada. Hata ukiwa polisi kweli."

"Usizungumze. Niambie kompyuta ya wagonjwa ina kivinjari gani."

"Hilo nalo ni siri?" Alitabasamu kidogo. "Cha mbweha. Ndicho kilichokuja na mashine."

"Basi nina ombi moja. Kama kuna mwanamke hapa anayetumia mashine hiyo, mwenye baka dogo chini ya jicho, mwambie kuna mtu ametumwa na dada yake. Akikataa, naondoka, na sitarudi."

Mwalimu hakusema kama yupo au hayupo. Aliingia ndani akafunga mlango. Mpelelezi alisimama kwenye korido akimtazama mzee mmoja aliyekuwa anajifunza kutembea, hatua, ukuta, hatua, ukuta. Mlango ulipofunguka, macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu.

"Amekubali. Lakini ujue kwanza: alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia hauna kazi na maneno yamemkimbia. Anaelewa kila kitu. Akiliona neno analitambua, ila kulitunga mwenyewe, hata herufi tatu, hawezi. Akitaka kusema 'maji' linatoka 'meza', naye anajua limekosewa, na inamuuma. Mumewe ni dereva wa malori, yuko safarini muda mwingi. Nadhani hajui hata kama mkewe ana dada. Nilidhani anacheza na kompyuta tu baada ya mazoezi, akibonyeza kwa kipanya kutoka tovuti moja hadi nyingine. Sikujua anaandika kwa mtu."

Kidoti alikuwa amekaa dirishani, kitenge kimemfunika magoti. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, na chini ya jicho la upande mzima kulikuwa na baka. Alimtazama Mpelelezi, kisha akaangalia nyuma yake, mlangoni, kutafuta kama kuna mwingine.

"Sijaja naye, mama," Mpelelezi alisema. "Nimekuja kuhakikisha kwanza. Nisamehe."

Kidoti alifumbua mdomo. Ikatoka sauti, kisha neno, "kiatu," akafumba macho kwa hasira. Akavuta kipanya kwa mkono wa kushoto. Tangazo lilikuwa wazi kwenye skrini, kwa herufi kubwa. Aliliendea neno polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akalibonyeza, akalinakili, akalibeba mpaka kwenye kisanduku cha ujumbe. Akarudi kuchukua lingine. Paji la uso lilimtoka jasho.

*Dada. uko. hai*

Hapakuwa na alama ya kuuliza kwenye tangazo, kwa hiyo swali lilikaa bila alama.

"Yuko hai," Mpelelezi alisema. "Yuko hai na anakusubiri. Amekuuliza uko wapi mara nyingi. Ulizipata jumbe zake?"

Kidoti aliitika kwa kichwa kwa nguvu. Akaonyesha tangazo kwa kidole, juu mpaka chini, kisha akaufungua mkono, mtupu. Mpelelezi alielewa. Katika tangazo zima hapakuwa na jina la mji wala la mtaa. Hakuwa na neno la kujibia.

*

Fundi aliletwa kesho yake, amevaa gauni aliloanza kulishona siku tangazo lilipotoka na kulimalizia njiani, ndani ya gari la Mpelelezi. Mlangoni alirekebisha kola ya gauni. Mwalimu alimshika kiwiko.

"Asubuhi hii amekataa chai," alimwambia. "Ananionyesha mlango tu."

Fundi alivuka chumba, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mdogo wake uso kwa mikono miwili, upande uliolegea na upande mzima, akautazama kama mtu anayesoma. Kidoti alikuwa analia kwa upande mmoja. Kisha Fundi alianza kusema, na alipoanza hakujua kuacha. Alisema habari za nyumba ile, za majirani waliohama, za mama aliyekuwa akigeuka kila mlango ulipogongwa mpaka siku aliyofariki. Aliuliza, akajijibu, akauliza tena. Baba alikupeleka wapi? Ulikula nini? Ulisoma? Alikupiga?

Kidoti alifumbua mdomo. "Ki..." alisema. "Kiatu." Akaligeukia tangazo kwenye skrini, akapitisha macho mstari kwa mstari, juu, chini, juu tena. Maneno yale alikuwa ameshayapitia yote. Alipiga meza kwa mkono wa kushoto.

"Anatafuta neno," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Halimo."

Fundi alinyanyuka, magoti yakalia. Alivuta kiti kingine mpaka kikagusana na cha mdogo wake.

"Nifungulie ukurasa mtupu, mwanangu," alimwambia Mwalimu. "Mimi nitamwandikia."

Akaanza kuchapa kwa kidole kimoja, ameinama, miwani imeshuka. Aliandika maneno kama yalivyomjia, bila mpango: *baba. njaa. mvua. alinipiga. hakunipiga. mume. watoto. sina. ninao. nilisahau. sikusahau. samahani. nimechoka. maji. usiondoke. nilikungoja.* Alipomaliza mstari alianza mwingine. Kidoti alikuwa akifuatilia kila neno linavyotokea, midomo inamcheza.

Kisha alimgusa dada yake mkono, kumsimamisha. Akachukua kipanya. Akaenda moja kwa moja kwenye neno alilolitaka, akalibonyeza, akalinakili, akashuka mahali palipo wazi.

*nilikungoja*

Akabonyeza tena. *nilikungoja.* Na tena. Mashine ilikuwa inalikumbuka neno, hakuhitaji kurudi kulichukua. Likajaa mstari, likashuka kwenye mstari wa pili, nilikungoja nilikungoja nilikungoja, na Fundi akasoma kila moja kwa sauti, hakuruka hata moja.

"Na mimi," alisema mwishowe. "Na mimi nataka kuliweka hilo. Unafanyaje? Mimi hii sijui."

Kidoti alicheka. Kicheko kilitoka kizima, hakuna kilichokikata. Alichukua mkono wa dada yake, ule wa vidole vya sindano, akauweka juu ya kipanya, akaweka wake juu, akaanza kumwonyesha pa kubonyeza.

Mpelelezi alichukua mkoba wake, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.